Kubadilisha madirisha ya nyumba ya zamani: tazama jua kwanza, kioo baadaye

Mpunga ukisha kuuzwa na deni za mbegu zikilipwa, wanakooperative wengi wa Kasongo na Kabambare wanaanza kutengeneza nyumba. Mmoja ananunua mabati, mwingine anapiga simenti ndani, na siku hizi wengi wanaanza na madirisha. Lile dirisha la zamani la mbao, lenye bawa moja lililoliwa na mchwa, linatolewa. Mahali pake kunawekwa kioo kikubwa cha aliminyumu, kile cha kusukuma pembeni, kama kwenye picha za nyumba za Goma na Kinshasa. Nyumba inapendeza kweli. Ukipita barabarani unageuza shingo.

Lakini ingia ndani saa kumi ya alasiri, mwezi wa kumi, halafu utuambie.

Tunaandika juu ya madirisha katika gazeti la kilimo kwa sababu tatu. Feza ya dirisha ni feza ya shamba: gunia la mpunga lililouzwa njo linalipa kioo. Pili, mkulima asiyelala usiku hawezi kulima vizuri asubuhi. Na ya tatu, ambayo ni nzito zaidi, ni malaria. Tunazunguka vijijini na kuona vyandarua vilivyogawiwa, vile tunavyoita mustikere, vimekunjwa vizuri juu ya sanduku, au vimefunika vifaranga. Ukiuliza kwa nini, jibu ni karibu moja kila nyumba: "Agronomu, ndani kuna joto, chini ya ile kitu hakuna hewa." Watu hawasemi hivyo kwa uvivu. Uchunguzi uliofanyika katika nchi nyingi umekuta sababu hiyohiyo ya joto ikitajwa mbele ya nyingine. Na nchi yetu, kwa hesabu za OMS, ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Kwa hiyo dirisha linaloingiza upepo usiku linamfanya mtu akubali kulala ndani ya chandarua. Dirisha linalofunga joto linamtoa ndani yake.

Dirisha la Ulaya si dirisha letu

Katika nchi za baridi, kama Ulaya au Kanada, mtu akibadilisha dirisha la nyumba ya zamani anatafuta kuzuia joto lisitoke. Anawasha moto ndani miezi mingi kwa mwaka, na kila joto linalopita kwenye kioo ni feza inayokimbia. Njo maana wao wanaweka vioo viwili vilivyoachana kidogo, na hewa imefungwa katikati, na kando ya kadre hakuna hata tundu la kupitisha sindano. Wana haki, kwa kwao.

Kwetu shida imegeuka. Hatuwashi moto wa kuota, tunatafuta joto litoke. Na kioo kina tabia moja ambayo wengi hawajui: mwanga wa jua unapita ndani yake bila shida, lakini ukisha kugonga sakafu na vitanda unageuka kuwa joto, na lile joto halipiti tena kwenye kioo kurudi inje kwa urahisi. Ni kama kofia ya kitanda cha mbegu cha plastiki. Ulishaona vile miche inavyochemka tukisahau kufungua plastiki saa sita? Nyumba ya kioo kilichofungwa ni vilevile.

Hesabu kidogo. Ukuta unaotazama magharibi, alasiri ya jua kali, unapokea karibu wati 600 kwa kila mita moja ya mraba. Kioo cha kawaida kinapitisha sehemu kubwa ya hiyo, tuseme wati 500. Mtu mzima aliyekaa kimya anatoa joto la karibu wati 100. Basi dirisha moja la kioo la mita moja kwa moja, upande wa magharibi, linaleta joto kama watu watano wameingia chumbani na kukaa mpaka jua kuzama. Ukiweka madirisha mawili, ni watu kumi. Na ukuta wa tofali unakunywa lile joto polepole, unalitoa usiku, saa ileile unayotaka kulala.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kioo, uliza jua linapiga wapi.

Jua la Kasongo

Sisi tuko karibu nyuzi nne na nusu kusini ya ikweta. Maana yake ni kwamba jua la saa sita linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na karibu tarehe 9 ya mwezi wa tatu. Mwezi wa sita, wakati wa kiangazi, jua la saa sita linaegemea upande wa kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini, lakini kidogo tu.

Faida yake kwa mwenye nyumba ni kubwa. Ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini unaweza kufunikwa na paa lenyewe. Paa likitoka inje ya ukuta sentimita 80, dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita moja na nusu chini ya ukingo wa paa litakaa kivulini saa sita ya mchana mwaka mzima, hata mwezi wa sita. Lakini ukuta wa mashariki na wa magharibi hausaidiwi na paa, kwa sababu asubuhi na jioni jua linakuja chini, linaingia chini ya paa na kupiga dirisha usoni. La asubuhi tunaweza kulivumilia, hewa bado ni baridi. La alasiri linakuta nyumba imekwisha kupata moto tangu saa sita.

Njo maana wazee waliojenga na barza ndefu mbele ya nyumba hawakuwa wajinga. Barza si mahali pa kukaa na wageni tu, ni kofia ya ukuta. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia Kasongo ya zamani pamoja na jeshi la Dhanis mwaka 1893, alieleza katika kitabu chake cha 1897 nyumba za waungwana wa pale. Chumba alichochukua kilikuwa kirefu na chembamba, na mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa. Tena alikuta vitanda vina vyandarua. Chumba chembamba, kivuli cha miti mlangoni, na chandarua kitandani: zaidi ya miaka 130 imepita na sisi bado tunatafuta vitu hivyo vitatu.

Fanya hivi siku moja ya jua. Saa kumi ya alasiri, ingia kila chumba na uweke kiganja chako kwenye kila ukuta, upande wa ndani. Ukuta unaounguza kiganja, usiweke kioo pale. Kama tayari kuna dirisha pale, libadilishe liwe la mbao zinazofungwa mchana, au ulifunike kwa kivuli. Halafu jioni, chukua kijinga chenye moshi, simama nacho katikati ya chumba, madirisha na milango yote wazi. Tazama moshi unaenda wapi. Kama unapanda na kukaa juu tu, chumba chako hakina njia ya upepo, hata kama dirisha lako ni zuri namna gani.

Upepo unataka milango miwili

Nyumba nyingi za zamani tunazoziona, za tofali la kuchoma au la udongo mkavu, zina vyumba vyenye dirisha moja dogo, sentimita 60 kwa 60. Watu walifanya hivyo kwa kuogopa wezi, chui, na baridi ya usiku wa kiangazi. Upepo ukifika kwenye tundu moja tu hauingii, kwa sababu hauna pa kutokea. Ni kama kujaza chupa maji ukiwa umeziba shingo yake kwa kidole.

Kwa hiyo, kama una feza ya dirisha moja kubwa la kioo, mara nyingi itakufaa zaidi kuitumia kwa matundu mawili ya mbao: moja upande upepo unakotoka, lingine ukuta wa pili, au juu ya mlango wa ndani. La kutokea liwe juu kidogo kuliko la kuingilia, maana hewa ya moto inapanda. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinataka matundu ambayo jumla yake haipungui mita moja na robo ya mraba. Ukifika mita mbili ni vizuri zaidi. Pima sehemu inayofunguka kweli, si ukubwa wa kadre.

Hapa njo wengi wanapotea. Dirisha la kusukuma pembeni halifunguki hata siku moja zaidi ya nusu, kwa sababu kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Umelipa mita moja na nusu, unapata upepo wa robo tatu ya mita. Dirisha la mabawa mawili ya mbao linafunguka karibu lote. Lile la vipande vya kioo vinavyolala na kusimama kama magamba ya samaki, ambalo mafundi wanaliita nako, linafunguka sehemu kubwa, na tena unaweza kuliacha wazi wakati wa mvua ndogo bila maji kuingia. Ubaya wake: kipande kimoja kikivunjika unakaa miezi na tundu, na hewa inapita hata ukifunga. Kwa sisi ambao hatufungi nyumba kwa baridi, hilo la pili si ubaya kabisa. La kwanza ni ubaya kweli. Kioo kinachotoka Kindu, au Kalemie kwa treni mpaka Samba, kisha kinafungwa juu ya pikipiki au kinga, kinafika kikiwa kizima kwa neema ya Mungu. Ukinunua nako, nunua vipande vya akiba siku ileile.

Kuna pia klostra, yale matofali yenye matundu ambayo mapadri na kampuni za zamani walipenda kuyapanga juu ya madirisha. Mimi nayapenda sana, na ninaona huzuni watu wanapoyaziba kwa simenti ili nyumba ionekane ya kisasa. Klostra iliyo juu, chini ya paa, inatoa hewa ya moto usiku na mchana bila mtu kufungua kitu. Haitaki kioo, haina bawaba za kuota kutu, na mwizi hapiti. Usiyazibe. Weka wavu upande wa ndani, basi.

Ukilinganisha haya yote, kwa chumba cha kulala cha nyumba ya zamani katika mitaa yetu, shauri langu ni hili: mabawa ya mbao inje, vyuma katikati, wavu wa mbu ndani, na kioo kidogo tu juu, kipande cha kimo cha sentimita 20 au 30, upande wa kaskazini au kusini, kwa ajili ya mwanga wakati mbao zimefungwa. Kioo kikubwa kiende barzani au sebuleni, upande wa kivuli, kama moyo wako unakitaka. Hakuna kosa mtu kupenda uzuri. Kosa ni kulipa uzuri upande wa magharibi.

Mbao ziwe za mti mgumu. Muvula unakaa miaka mingi na mchwa hawaupendi. Lakini mbao zilizopasuliwa juzi zitapinda, na dirisha litakataa kufunga kabla ya mvua ya pili. Zipange kivulini na vijiti katikati, miezi 2 au 3, kisha fundi azikate. Na tafadhali, ile desturi ya kupaka mafuta ya zamani ya gari, ya vidanji, iache kwa dirisha la chumba cha kulala na la ghala. Yanafukuza mchwa, ni kweli, lakini yana sumu, na harufu yake inakaa pale watoto wanapumua.

Wavu wa mbu, na bei yake kwa upepo

Mbu wa malaria anauma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala, na njia yake kubwa ya kuingia ni uwazi kati ya ukuta na paa, kabla hata ya dirisha. Kule Gambia walifanya uchunguzi, ukatolewa mwaka 2009: nyumba zilizowekwa wavu kwenye madirisha na milango, na kuzibwa ule uwazi wa chini ya paa, zilikuwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye kupungukiwa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba ambazo hazikuguswa. Wavu wa dirishani hauondoi chandarua cha kitandani. Vinasaidiana.

Lakini wavu unapunguza upepo sana, hasa ukijaa vumbi na moshi wa jiko. Hakuna njia ya kukwepa hilo ila mbili: fanya tundu kubwa kuliko ulivyofikiri kwanza, na usafishe wavu. Fundi aufunge kwenye kadre nyepesi yake yenyewe, kwa vikomeo viwili, si kuupigilia misumari ukutani. Mama mmoja wa kooperative yetu upande wa Kabambare aliuomba hivyo, fundi akamcheka. Sasa yeye anautoa, anauosha kwa maji na sabuni kabla ya kiangazi, anaurudisha. Jirani zake wana wavu mweusi ambao hata sauti haipiti.

Nunua wavu wa aliminyumu au wa nyuzi za plastiki. Ule wa chuma kilichopakwa rangi unaota kutu katika hewa yetu, na kutu inaanza pembeni, pale mbu anapopenda kupita.

Juu ya vyuma neno moja. Ferabeto la milimita 8 au 10 linatosha kwa mwizi wa kawaida. Lakini kila nyumba, zaidi ile ya majani, iwe na dirisha moja ambalo vyuma vyake vinafunguka kwa ndani, na ufunguo wake unaning'inia mahali hata mtoto anafikia. Moto ukianza mlangoni, watu wanatokea wapi?

Kabla ya kupasua ukuta

Ukuta wa tofali mbichi unabeba paa, na tundu kubwa ni kidonda. Usikate karibu na kona. Acha mita moja. Usizidishe upana wa mita moja na sentimita 20. Kabla fundi hajatoa tofali hata moja, apasue mfereji wa juu kwanza na kuingiza linto, ule mti au zege unaobeba ukuta juu ya dirisha, na mti huo uingie ndani ya ukuta sentimita 25 au zaidi kila upande. Akianza chini, ukuta unashuka. Tumeona nyumba iliyosimama miaka mingi ikipasuka mpaka juu kwa kazi ya asubuhi moja.

Fanya kazi hiyo kiangazi, tofali likiwa kavu. Na pale kadre mpya inapokutana na ukuta wa zamani, ziba uwazi kwa udongo uliochanganywa na chokaa. Simenti kali juu ya tofali mbichi haishikani nalo, inabanduka kwa vipande, na nyuma yake mchwa wanajenga mji.

Dirisha peke yake haliokoi nyumba ya mabati

Tuseme ukweli hapa, kwa sababu wauzaji wa madirisha hawatausema. Kama paa lako ni la mabati na hakuna plafoni, joto kubwa la mchana linatoka juu, si dirishani. Utabadilisha madirisha manne na bado utalala barzani. Feza ikiwa kidogo, anza na plafoni, hata ya mikeka au ya mianzi iliyopasuliwa, halafu fungua matundu mawili yanayotazamana kwenye zile pembetatu za ukuta chini ya paa, na uyawekee wavu. Hewa ya moto kati ya bati na plafoni ipate njia. Mwenye paa la majani mazito ana bahati asiyoijua. Yeye anaweza kuanza na dirisha moja kwa moja.

Na kwa ukuta wa magharibi, dawa yake ya bei ndogo zaidi iko shambani. Panda marakuja mita mbili kutoka kwenye ukuta, upige miti minne na kamba juu, mmea utambae kama paa dogo mbele ya dirisha. Chini ya mwaka mmoja una kivuli, na kisha matunda ya kuuza. Uwazi wa kiganja kati ya majani na ukuta uache, upepo upite na nyoka asipate ngazi. Ndizi pia zinafaa, zikikaa mbali kidogo, mita tatu. Mwembe ni kivuli kizuri kuliko vyote, lakini si karibu ya paa: tawi likianguka wakati wa dhoruba, utanunua mabati badala ya madirisha.

Wako wanaosema, sasa kuna pano za jua, tutanunua ventilatere. Haya, tupige hesabu. Ventilatere ndogo ya volti 12 inakula karibu wati 15. Usiku wa saa 8, hiyo ni wati-saa 120. Pano ya wati 50, siku nzuri, inaleta labda 150 mpaka 200. Taa ya wati 5 kwa saa 4 za jioni inakula 20 tu. Maana yake ventilatere moja inakunywa zaidi ya nusu ya umeme wako wote, na bateri inakufa mapema kwa kushushwa chini kila usiku. Njia mbili za upepo ukutani hazinywi kitu. Tena chumba chenye mwanga wa mchana kinaokoa taa: mtoto anasoma karibu na dirisha mpaka saa kumi na mbili bila kugusa bateri.

Jikoni, dirisha la kutazama haliko la lazima kama tundu la juu. Fungua mawili, kwenye kuta mbili, juu ya kichwa cha mpishi. Moshi unaharibu macho na mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni, na hauna haja ya kioo ili utoke.

Depo ni kinyume cha nyumba

Kooperative kadhaa zimerithi depo za zamani, za enzi za pamba, na komite zinauliza kama wavike vioo. Jibu ni hapana. Mpunga hauogopi giza. Unaogopa unyevu, panya na wezi, kwa mpangilio huo.

Mpunga na mahindi yaliyokauka vizuri, unyevu wa 13 au 14 kwa mia, yanakaa salama kama hewa ya depo ni kavu. Lakini hewa ya usiku na ya mvua ni nzito kwa maji, na mbegu inayanywa tena kutoka hewani. Karanga zaidi: zikipata unyevu zinaota ukungu wenye sumu ambayo haionekani na haitoki kwa kupika. Kwa hiyo madirisha ya depo yawe madogo, ya juu, yenye mabawa ya mbao yanayofunga barabara, na yafunguliwe siku kavu tu, tuseme saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi. Mvua ikinyesha, yanafungwa. Jioni, yanafungwa. Nyumbani tunafungua usiku. Depo tunafunga usiku. Walinzi wengi wanafanya kinyume, kwa sababu wanafikiri depo nayo inasikia joto.

Wavu wa depo si wa mbu. Weka wa chuma kigumu wenye matundu yasiyozidi milimita 6, kwa sababu panya mdogo anapita kwenye tundu ambalo wewe unaona halipitishi kidole. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya dirisha pasipangwe kitu. Na kama unataka kujua mbegu yako imekauka kweli kabla ya kufunga, chukua chupa kavu, weka chumvi kavu kidogo na kiganja cha mpunga, tikisa, ngoja dakika 10. Chumvi ikishika kwenye kioo cha chupa, rudisha mpunga juani.

Kununua pamoja

Rola nyingi za wavu zina mita 30. Kwa dirisha la mita moja kwa mita moja na sentimita 20, rola ya upana wa mita moja inatoa madirisha 25, yaani nyumba sita za madirisha manne na kimoja cha akiba. Mtu mmoja akinunua kwa mita sokoni analipa zaidi kuliko sita wakigawana rola. Vilevile bawaba, vikomeo na ferabeto. Komite iandike orodha mwezi wa tano, kabla ya kiangazi, ili vitu vipande pamoja na gari linaloshusha mchele, lisirudi tupu.

Kila mwenye kutaka alete vipimo vya ndani ya kadre, kwa sentimita, upana kwanza na kimo baadaye, na pembeni aandike dirisha linatazama wapi: kaskazini, kusini, mashariki au magharibi. Orodha isiyo na upande, komite iirudishe kwa mwenyewe akapime tena, saa kumi ya alasiri.